Ardhi Ilipimwa. Na Nani?



Wengi wenu munajua kwamba mwaka huu nilijaza fomu ya kuomba nafasi ya kusoma sheria. Ndiyo, agronomu mwenye lisansi, anayekaribia miaka makumi tatu, anataka kurudi kwenye banki ya mwaka wa kwanza. Wengine walinicheka. Wengine waliniuliza kama udongo umenichosha. Fomu iliomba karatasi zote tunazozijua, diplome na pointi na karatasi ya kuzaliwa, kisha ikaomba kitu kimoja cha shida: kurasa mbili za kujieleza. Wewe ni nani, na juu ya nini unataka sheria.

Niliandika siku tatu. Nilipomaliza nikampelekea yaya mmoja, avoka hapa mjini, anisomee. Alinirudishia karatasi na maneno mawili tu, aliyoyaandika pembeni mara kumi na moja kwa biki nyekundu: "Na nani?"

Sentensi ya kwanza aliyoikamata ilisema hivi: katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi, mashamba ya kilima kimoja upande wa Kalehe yalipimwa, ripoti iliandikwa, na baadaye familia zilizolima pale ziliondolewa. Yalipimwa na nani? Iliandikwa na nani? Ziliondolewa na nani? Nilimwambia, yaya, ni namna ya kuandika tu, ndivyo tulivyofundishwa kwenye memwari. Akanijibu: "Mudogo, watu wanaokuja ku biro yangu banajua tayari kuficha mutu ndani ya sentensi. Hauna lazima ya kusoma miaka tano juu ya ile."

Nilikasirika kidogo. Kisha nikaanza kutafuta mahali sentensi ile ilitoka, kwa sababu niliona si yangu peke yangu. Ina umri mkubwa kuliko mimi, kuliko chuo chetu, kuliko mji huu. Munaojua historia kunizidi mutanisamehe. Naandika kama mtu wa shamba anayefuata mfereji mpaka kwenye chemchemi.

Kwanza, lugha. Kwenye shule ya msingi tulifundishwa kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa. Mtoto alipasua sahani. Sahani ilipasuliwa na mtoto. Lakini nyumbani kila mtoto wa Bukavu anajua kauli ya tatu, na hakufundishwa na mwalimu yeyote: "Mama, sahani imepasuka." Sahani yenyewe, peke yake, iliamka na kupasuka. Mama naye haulizi sahani. Anauliza: nani alikuwa anaosha vyombo?

Katika kauli ya pili kuna kineno kidogo sana, "na", ambacho kinaleta mtu. Sahani ilipasuliwa na mtoto: mtu yupo. Sahani ilipasuliwa: mtu ameshatoka nje kwa mlango wa nyuma. Nataka mushike kineno hicho, maana historia ya ardhi yetu, kwa sehemu kubwa, ni historia ya "na" iliyoangushwa.

Tarehe 1 Julai 1885 Dola Huru la Kongo, lile la mfalme Leopold wa Pili, lilitoa ordonansi iliyosema kwamba ardhi zilizo wazi zinapaswa kuhesabiwa kuwa za Leta. Ordonansi hiyohiyo ilisema pia kwamba hakuna mwenye ruhusa ya kuwanyang'anya wenyeji ardhi wanayoikaa. Ukiisoma haraka utasema ni sheria nzuri. Lakini iulize swali la yaya. Ardhi iliyo wazi: nani alifika, akatazama, akasema iko wazi? Macho ya nani? Sentensi haina macho. Ardhi "inahesabiwa" tu, kama sahani inavyopasuka.

Hapa mimi agronomu nina neno la kusema. Shamba la milima yetu halikulimwa kila mwaka. Mtu alilima maharagwe, mtama, mihogo, kisha aliliacha lilale. Miaka miwili, mitatu, wakati mwingine zaidi, majani yanapanda, mizizi inafungua udongo, mbolea inarudi. Shamba linalolala linafanya kazi, ila kazi yake haionekani kwa mtu anayepita na buti. Kulikuwa pia na malisho ya ng'ombe, na pori la kukata miti na majani ya kuezekea. Vyote hivyo vilikuwa na wenyewe. Dekreti ya tarehe 3 Juni 1906 ilijaribu kueleza ni ipi ardhi inayokaliwa: ile wenyeji wanayoishi juu yake, wanayoilima au wanayoitumia kwa desturi zao. Lakini aliyeamua kwamba hapa wanatumia, na pale hawatumii, hakuwa mwenyeji. Basi shamba lililolala likaweza kuandikwa kama shamba lisilo na mtu.

Kwetu Kivu jambo lile lilipata biro na mhuri. Mwaka wa 1928 iliundwa Comité National du Kivu, wengi wanaiita CNKi, ikapewa uwezo wa kugawa ardhi kwa wakoloni na makampuni ya plantasio. Mji wetu wenyewe uliitwa Costermansville. (Uliitwa na nani? Na Wabeleji, kwa jina la Mbeleji.) Kahawa, chai na kinkina vilipanda kwenye vilima vyetu, na mpaka leo ukitoka Bukavu kwa barabara ya Kavumu au ya Walungu unaweza kusoma historia ile kwa macho: shamba moja kubwa lililonyooka, na pembeni yake vishamba vidogo vinavyobanana kama watu ndani ya taksi.

Kabla ya makaratasi hayo Bushi haikuwa bila sheria. Kulikuwa na kalinzi. Mtu alipeleka ng'ombe kwa mwami au kwa mkubwa wa fasi, akapewa ardhi ambayo watoto wake watarithi. Kulikuwa na bwasa pia, ya kuazima shamba kwa muda, bila kupanda kitu cha kudumu. Sitaki kusafisha mambo. Kalinzi ilimpa mkubwa nguvu nyingi juu ya mdogo, na mwanamke aliyelima hakuwa ndiye aliyeitwa kupokea. Lakini tazameni namna kalinzi inavyosemwa. Fulani alimpa fulani ng'ombe, fulani na fulani walikuwepo, wakaona. Haiwezekani kuisema bila watu. Ukiondoa majina hakuna kalinzi, kuna ng'ombe aliyepotea tu.

Waliopinga namna mpya walikuwepo. Mwami Alexandre Rugemaninzi wa Kabare alibishana na serikali ya kikoloni, na katika miaka ya 1930 serikali ile ilimtoa kwenye kiti chake na kumpeleka mbali na watu wake. Wakati wa kwanza niliandika hapa "alihamishwa". Nimerudi kurekebisha.

Kisha uhuru. Tungedhani kwamba inchi ikiwa yetu, sentensi pia zingekuwa zetu. Tarehe 7 Juni 1966 ilitoka sheria ya Bakajika, iliyorudisha ardhi mikononi mwa Leta. Tarehe 20 Julai 1973 ikatoka sheria ya ardhi ambayo kila avoka wa Kivu anaijua kama sala. Artikle ya 53 inasema udongo ni mali ya Leta peke yake. Artikle ya 387 inasema ardhi zinazokaliwa na jamii za wenyeji zinakuwa za Leta tangu siku sheria inapoanza. Halafu artikle ya 389: haki za wale waliokuwa wakitumia ardhi hizo kwa utaratibu zitapangwa na ordonansi ya Prezida wa Jamhuri.

Munaona? Safari hii "na" ipo. Zitapangwa na ordonansi, na mwenye kuitoa ametajwa kwa cheo. Mwalimu wa sarufi angetoa pointi zote. Lakini miaka ilipita, kumi, makumi mbili, makumi ine na zaidi, na ordonansi hiyo haikutoka. Wakulima wa vilima vyote wakabaki ndani ya kitenzi cha wakati ujao. Hapo nilijifunza kitu ambacho biki nyekundu haikuniambia: kutaja mtenda peke yake hakutoshi. Mtenda bila tarehe ni kama deni la mtu anayesema "nitakulipa tu".

Mwaka uleule, tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alitangaza zairianisasio, na plantasio za wageni zikagawiwa. Kwa nani? Si kwa wale ambao koko zao walilima pale kabla ya CNKi. Ziliingia mikononi mwa watu waliokuwa karibu na utawala. Ukimuuliza mzee wa kijiji atakuambia tu: "Bilitolewa." Vilitolewa.

Tena kuna Kahuzi-Biega, ambayo sisi watu wa agronomi tunaitembelea na madaftari yetu. Tangu mtoto niliisikia hadithi yake hivi: parke iliundwa mwaka wa 1970, ikapanuliwa mwaka wa 1975, Batwa wakatoka. Wakatoka, kama vile walichoka na msitu. Mwaka wa 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilitangaza uamuzi wake juu ya malalamiko ya Batwa hao. Ilisema kwamba Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilivunja haki zao. Nilikaa na sentensi hiyo muda mrefu. Jamhuri ilivunja. Karibu miaka makumi tano ilihitajika ili kitenzi kimoja kipate mwenyewe. Uamuzi peke yake haumrudishi mtu kwenye msitu wake. Lakini huwezi kumdai mtu ambaye hayumo ndani ya sentensi.

Hapa nilitaka kufunga, niseme kauli ya kutenda ni ya ukweli na kauli ya kutendwa ni ya uongo. Ingekuwa rahisi. Lakini mama yangu alinizuia bila kujua.

Nilimuuliza juu ya mwaka wa 2004. Nilikuwa mtoto, nakumbuka tu godoro chini ya kitanda na kelele. Mwezi wa sita wa mwaka ule watu wa Laurent Nkunda na wa Jules Mutebutsi walichukua mji huu. Hiyo imeandikwa. Lakini mama husema: "Wakati muji ulianguka." Au: "Wakati vita iliingia." Kana kwamba vita ina miguu yake. Nikamuuliza vitu vya duka lake nani alivichukua. Akasema: "Bilichukuliwa." Nikasisitiza, na nani, mama? Alinitazama sana. Kisha akasema polepole: "Mutoto yangu, wengine bangali hapa."

Basi kumbe kuna kutendwa kwa aina mbili. Mnyonge anaangusha "na" ili alale salama usiku. Mwenye nguvu anaiangusha ili asiulizwe mchana. Kwenye karatasi sentensi zinafanana kabisa, kama mapacha. Tofauti yake ni moja: ni nani atakayeumia jina likitajwa. Mama akitaja jina, ataumia mama. Leta ikitaja jina, itaumia Leta. Mimi sina ruhusa ya kumlazimisha mama. Lakini sina pia ruhusa ya kujificha chini ya kitenge chake, nikijifanya naogopa kama yeye.

Sasa nirudi kwenye kilima, maana munangoja.

Nilikuwa nimemaliza lisansi miezi michache tu, bila kazi, kama munavyojua hali. Mtu mmoja alitafuta agronomu wa kumfanyia ripoti juu ya ardhi aliyotaka kuombea konsesio: mteremko, aina ya udongo, ni nini kingeweza kupandwa. Alilipa vizuri. Nilienda siku mbili na GPS na mfuko wa kuchukulia udongo. Nilipima. Juu ya kilima kulikuwa na sehemu kubwa yenye majani marefu. Chini ya majani niliona matuta ya zamani ya mihogo. Niliona pia dracaena zimepandwa kwa mistari, na hakuna mtoto wa Kivu asiyejua kwamba dracaena kwa mstari ni mpaka wa shamba la mtu. Nilijua nilichokuwa nakiona. Ni shamba lililolala. Nilikuwa nimepata pointi nzuri kabisa kwenye somo hilo.

Kwenye ripoti niliandika kwa Kifaransa safi cha memwari kwamba hakuna zao lolote la kudumu lililoonekana.

Lililoonekana. Na nani? Na mimi. Nilikuwa nimeandika ordonansi ya 1885 upya, kwa kompyuta ya kuazima, bila kujua.

Sheria ya 1973 yenyewe, kuanzia artikle ya 193, inaomba uchunguzi kabla ya konsesio ya shambani: kutazama mipaka, kuhesabu watu waliopo, kusikiliza wanaodai haki. Kwenye makaratasi ya kilima kile uchunguzi "ulifanywa". Waliokuwa wakilima pale wanasema hawakumwona mtu yeyote isipokuwa kijana mmoja mwenye kamashini ka mukononi. Kijana huyo ni mimi. Baadaye familia zilizuiliwa kulima. Kesi iko kwenye tribinali, na ripoti yangu imo ndani ya dosie, kwenye upande wa yule aliyenilipa.

Nilirudi kule mara moja. Mama mmoja mzee alinitambua. Hakupiga kelele. Aliuliza tu: "Weye njo ulipimaka hapa?" Nikamjibu kwa ile lugha ninayoijua: "Mama, ilipimwaka." Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka, akasema: "Inaweza kujipima?"

Inaweza kujipima. Sahani imepasuka.

Nilipomaliza kuyafikiria haya nilifungua tena zile kurasa mbili. Nilifuta kile kifungu na kuandika: "Nilipima kilima hicho. Niliona dalili kwamba kilikuwa na wenyewe. Sikuziandika. Mtu aliyenilipa alitumia ripoti yangu, na familia zilizolima pale zimezuiliwa kulima. Nataka kusoma sheria kwa sababu nilishiriki katika kosa ambalo sikujua namna ya kulirekebisha." Sentensi tano. Yaya alizisoma akanyamaza, kisha akaniuliza kama ninaelewa kwamba kamati inaweza kunikataa juu ya maneno haya. Nilielewa. Akaniuliza tena: avoka wa zile familia amekwisha kuyasikia? Hapo ndipo nilipoona kwamba kuandika "nilipima" kwa kamati isiyonijua, bila kwenda kulisema mahali linapohitajika, ni njia nyingine ya kujificha, yenye sarufi nzuri zaidi. Wiki ile nilienda kumwona avoka huyo. Nilimpa maandishi yenye saini yangu, na daftari langu la siku zile mbili, ambamo zile dracaena nilikuwa nimezichora.

Sikusema mengine. Vifungu vingine vya barua niliviacha kwenye kauli ya kutendwa, na yaya alikubali. Niliandika "nilifundishwa na koko kutofautisha udongo kwa kuupaka kwenye vidole", kwa sababu pale mtenda yupo na ni heshima yake. Niliandika "duka la mama liliporwa mwaka wa 2004", nikaishia hapo. Yaya aliweka biki juu ya neno hilo, akanitazama, akaliacha.

Nyinyi munaoandika barua kama hizi, na najua mwaka huu tuko wengi, mutasikia watu wakisema tumieni kauli ya kutenda, inaonyesha nguvu. Mimi sikuandika "nilipima" ili nionekane na nguvu. Ni neno lililonipunguza. Kila mukiandika kitenzi kisicho na mtu, muulizeni kwanza huyo aliyetoka kwa mlango wa nyuma ni nani. Akiwa ni mama yenu, mwacheni apite. Akiwa ni ninyi, mwiteni arudi.

Jibu la kamati halijafika. Kesi ingali inaendelea. Kilima kimelala.